Muulize Bi Maji: kisima cha uani, mchanga wa korongo na mpunga wa Bahi

Bi Maji alikuwa fundi sanifu wa maji hadi alipostaafu. Sasa anaishi Veyula, nje kidogo ya mji wa Dodoma, kando ya barabara iendayo Arusha, ana shamba dogo la zabibu, na anajibu barua za wasomaji kuhusu maji, ardhi na misitu.

Shikamoo Bi Maji. Mimi na mume wangu tumejenga Nzuguni, sote tunafanya kazi Mji wa Serikali, Mtumba. Maji ya bomba ni ya mgao, wiki nyingine tunanunua ya boza. Jirani amechimba kisima na sasa anauza maji kwa ndoo. Kuna wachimbaji wametuambia nasi tuchimbe, watashuka mpaka maji yatoke. Tuchimbe?
*Mama wa wawili, Nzuguni*

Marahaba mwanangu. Kabla ya hilo la kuchimba, nikueleze maji unayotaka kuyafuata huko chini yanafikaje, maana mchimbaji hatakueleza. Yeye analipwa kwa mita.

Dodoma hatuna mto unaotiririka mwaka mzima. Mvua yetu ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, inaanza Desemba, na ikifika mwisho wa Aprili basi tena. Katikati hapo hukata hata wiki tatu, mahindi yakajikunja, watu wakaanza kuulizana msikitini na kanisani nani kakosea. Jua la hapa lina nguvu ya kukausha maji mara kadhaa ya hayo yanayonyesha. Ndiyo sababu mji huu umeishi miaka yote kwa maji ya chini ya ardhi, na sehemu kubwa yametoka kwenye visima virefu vya bonde la Makutupora, kule Mzakwe, si mbali na ninapoandikia barua hii.

Katika bonde hilo kina cha maji kimepimwa tangu miaka ya 1950. Mimi ni mmoja wa waliokuwa wakishusha utepe wa kupimia ndani ya mabomba ya visima, kusikiliza ukigusa maji, kuandika tarehe na mita, kufunga kifuniko, na kwenda bomba linalofuata. Kazi ya kuchosha, wala haina sifa. Lakini daftari zile zikaja kuwa moja ya kumbukumbu ndefu zaidi za aina yake katika nchi za joto barani Afrika, na mwaka 2013 watafiti walichapisha uchambuzi wake. Walionyesha kwa hesabu kile ambacho sisi wa utepe tulikuwa tukikiona kwa macho. Mvua ya kawaida haifiki chini. Inalowesha shamba, inaotesha uwele na mlenda, halafu inapanda tena hewani. Maji ya chini hupanda katika misimu michache tu ya mvua kubwa isiyo ya kawaida, mara nyingi ile ya El Niño, na ongezeko kubwa kuliko yote katika kumbukumbu ile lilitokea msimu wa 1997/98. Baada ya msimu kama huo inaweza kupita miaka mingi ambayo utepe unashuka tu, unashuka tu. Hicho ni kihenge kinachojazwa mara moja baada ya miaka, na mkono wa kuchota uko ndani kila siku.

Sasa tazama mkono wenyewe. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo ambalo leo ni Jiji la Dodoma. Ya 2022 ilihesabu 765,179. Katikati ya sensa hizo mbili, mwaka 2016, Serikali ilitangaza kuhamia huku, na nyie mkaja. Karibuni sana, sina kinyongo. Ila wingi wa watu ni nusu tu ya habari. Nyumba ya kupanga Chang'ombe, familia tano bomba moja uani, kila mtu anaoga ndoo nusu. Nyumba mpya ya Ilazo au Iyumbu ina vyoo vitatu vya kuvuta maji, mashine ya kufulia, gari la kuoshwa kila Jumamosi, na bustani ya nyasi. Nyasi zinazomwagiliwa saa nane mchana, Dodoma! Hilo nitalisema mpaka nizikwe. Kipato kikipanda mtu anahama kutoka nyumba ya kwanza kwenda ya pili, na hakuna wa kumlaumu, kila mtu anapenda choo cha ndani. Lakini kile kihenge hakijui kwamba tumepandishwa vyeo.

Kisima chako peke yako hakitakausha kitu. Shida ni kwamba jirani kachimba, wewe unachimba, wa nyuma yako keshaitisha bei, na hakuna hata mmoja wenu atakayeandika ametoa lita ngapi. Sisi tulikuwa tunapima. Nani anapima kwenye ua zenu? Kwa Sheria ya Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, maji yaliyo chini ya kiwanja chako si yako. Ni mali ya umma, na kisima kirefu kinahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde, ambayo kwa upande wenu ni Wami/Ruvu. Mchimbaji akikwambia kibali si lazima, mshukuru kwa muda wake na umfungulie geti.

Na kuna jambo la ubora. Maji mengi ya chini hapa mjini yana chumvi, na penye makazi ya msongamano na vyoo vya shimo kuna nitrati, kemikali inayotokana na kinyesi kinachopenya ardhini. Nitrati haina ladha, haina rangi, na haiondoki kwa kuchemsha. Ukichemsha maji yakapungua, inazidi kukolea. Kwa watu wazima si shida kubwa, lakini kwa kichanga wa chini ya miezi sita anayekorogewa maziwa kwa maji hayo ni hatari kweli. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita. Huyo jirani anayeuza kwa ndoo, muulize cheti cha maabara. Uliza kwa adabu, lakini uliza.

Ushauri wangu ni huu: msichimbe. Fedha hiyo inunueni mifereji ya bati na simtanki, hata mawili makubwa. Paa la mita za mraba 100 kwenye mvua ya milimita 550 linapokea lita 55,000. Toa zinazopotea kwa kuruka na kuvuja, hukosi lita 40,000, yaani ndoo 2,000 za lita ishirini. Hamtaweza kuzihifadhi zote, najua, tanki zina bei. Lakini kuanzia Desemba hadi Mei mtafua, mtadeki na kuvuta choo bila kugusa bomba. Mvua ya kwanza iacheni ioshe bati, msiikinge. Mkimaliza hayo na bado mnaona lazima kisima, chimbeni pamoja na majirani kumi, kibali kimoja, mita moja ya kuhesabia lita.

Bi Maji, mimi ni dereva wa Fuso, nabeba mchanga. Kijijini wanatufukuza kwa mawe, mjini simu haziishi kuita. Kila siku tunasemwa tunaharibu mazingira. Nauliza tu: tukiacha, hayo maghorofa ya Serikali yatajengwa kwa unga?
*Dereva, Mkonze*

Umenichekesha, na umeuliza vizuri kuliko waheshimiwa wengi.

Hayatajengwa kwa unga. Dunia nzima sasa inatumia tani kama bilioni 50 za mchanga na kokoto kila mwaka, kwa makadirio ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira. Ukiacha maji, hakuna kitu kingine binadamu anachochukua ardhini kwa wingi huo. Kwa hiyo Mkonze hamjaanzisha dhambi mpya.

Ila fikiri kuhusu korongo unalochota. Umeshaona kina mama wanafukua shimo katikati ya mchanga mkavu mwezi wa tisa, wanasubiri, wanachota kwa kata. Mchanga ule ndio bwawa lao. Mvua ikipita, maji hujificha kati ya chembe, jua haliyafikii. Ukiondoa mchanga ukakuta mwamba au udongo mgumu, mvua ijayo maji yanapita mbio kama barabarani, kingo zinamomonyoka, na mwezi wa tisa shimo la mama yule ni kavu. Hayo mawe anayekurushia ana hesabu zake.

Tena mchanga wenyewe umetoka wapi? Ulikuwa shamba la mtu. Milima iliyokatwa miti na kukanyagwa na mifugo ilishuka nao kidogokidogo. Bwawa la Ikowa, lililojengwa miaka ya 1950 kule Chamwino, lilianza kujaa tope mapema kiasi kwamba ilipofika 1972 wataalamu walikuwa wameshachapisha utafiti juu yake, pamoja na Matumbulu, Msalato na Imagi. Yaani mkulima kwanza alipoteza udongo, na sasa anapoteza hata mchanga uliobaki korongoni.

Ukiangalia bei ya tripu moja mjini, mna dizeli, mna wewe, mna vijana wa kupakia, mna ushuru wa halmashauri na mna faida ya mwenye gari. Lile shimo halimo. Analilipa mama wa kijijini, kwa miguu, kwa kwenda mbali zaidi na ndoo kichwani. Mimi singefunga biashara yako. Ningetaka shimo liingie kwenye bei: kijiji kipokee fedha yake moja kwa moja na kionyeshe pa kuchota na pa kuacha, hasa kwenye mikunjo ambako mto unarudisha mchanga kila msimu. Karibu na kingo usiguse. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka mtoni zilindwe. Na wajenzi wa tofali mjini watumie zaidi vumbi la kokoto kutoka kwenye machimbo ya mawe. Tunayo mawe mpaka basi, Dodoma nzima ni mawe. Bei ya mchanga itapanda? Ipande. Anayejenga ghorofa anaimudu kuliko anayefukua kwa kata.

Nina eneo dogo mbele ya nyumba, nataka mti wa kivuli. Nimeshauriwa mkaratusi kwa sababu unakua haraka.
*Msomaji, Manyoni*

Mwarobaini. Mkaratusi kunywa maji unajua, na ninyi huko hamna ya kugawa.

Shikamoo Bibi. Mimi ni mama lishe, soko la Majengo. Nasikia mkaa utapigwa marufuku. Gesi nilijaribu, ikaisha katikati ya maharage. Kweli mkaa wangu unakausha mvua ya nchi?
*Mama lishe, Majengo*

Marahaba, na pole na maharage.

Tuanze na marufuku. Iliyotangazwa ni ya taasisi: zinazolisha watu zaidi ya 100 zilipewa hadi Januari 2024 kuacha kuni na mkaa, na zinazolisha zaidi ya 300 hadi Januari 2025, japo ukizitazama namba unaona mpangilio una utata wake, maana anayelisha 300 tayari ameshapita 100. Wewe na meza zako nne hukutajwa. Mkakati wa taifa uliozinduliwa Mei 2024 unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi. Kwa hiyo una muda, ila si wa kulala.

Kuhusu mvua, usijibebeshe nchi nzima. Takwimu za Serikali zinasema tulikuwa tunapoteza hekta 469,420 za misitu kwa mwaka, na kilimo cha kuhamahama kina sehemu yake kubwa. Lakini mkaa nao si mdogo. Tanuri la udongo linapoteza mno: kilo moja ya mkaa inaweza kula kilo tano hadi kumi za kuni. Gunia lako lililotoka Chemba lilikuwa miti kadhaa ya vichaka vikavu, miti inayokua polepole. Na aliyeikata mara nyingi si tajiri. Uwele umekauka, mtoto anadaiwa sare, anachukua shoka. Mji ukiwa na fedha na kijiji kikiwa na njaa, gunia litapata njia hata kama barabarani pana mageti matano.

Jikoni kwako nenda hatua kwa hatua. Kinachokula mkaa ni maharage na makande. Hivyo viwili vihamishie kwenye jiko la presha la umeme. Sufuria moja ya maharage inaiva kwa chini ya uniti moja ya Luku. Fanya hesabu mwenyewe ulinganishe na makopo ya mkaa unayoyanunua, maana anayenunua kwa kopo ndiye anayelipa ghali kuliko anayenunua gunia. Chapati na ugali baki na mkaa kwanza, lakini kwa jiko banifu. Mtungi wa gesi uwe wa akiba ya asubuhi, chai na mayai.

Na kule Chemba, Kongwa na Mpwapwa kuna kazi moja naipenda kuliko kampeni zote za kupanda miche ambayo hakuna anayerudi kuimwagilia. Wanaiita Kisiki Hai. Mkulima anachagua visiki vinavyochipua shambani kwake, anaacha machipukizi machache yenye nguvu, anapogoa mengine, anaweka alama mtu asikate. Mizizi ipo tayari chini, haihitaji ndoo yako. Kuni za kupogolea anapata, na mti anabaki nao.

Bi Maji, nasoma uchumi UDOM. Tumefundishwa kwamba nchi ikianza kukua mazingira huharibika, lakini ikishatajirika huanza kuyasafisha. Kama ni hivyo, si tukimbilie kutajirika tu, usafi uje baadaye?
*Mwanafunzi wa mwaka wa pili*

Mwanangu, hoja hiyo ilipata nguvu mwaka 1991 kwa kazi ya wachumi wawili wa Marekani, Gene Grossman na Alan Krueger. Waliangalia hewa ya miji na kukuta moshi wa salfa unapanda na kipato, kisha unashuka. Hilo halikuwa uongo. Tajiri akikohoa anadai mtambo uwekwe chujio, na fedha ya chujio ipo.

Lakini angalia aina ya uchafu. Ni ule unaomkera mwenye fedha pale alipo. Mengine hayakushuka. Mwaka 1970 dunia ilichimba, ilikata na ilivuna kama tani bilioni 30 za malighafi. Sasa imepita bilioni 100 kwa mwaka, na mtu wa nchi tajiri anatumia wastani wa mara sita ya mtu wa nchi maskini. Wamesafisha mito yao, kweli, huku migodi na viwanda vichafu vikiwa kwingine.

Hata hapa kwetu tumewahi kuona uharibifu ukihamishwa. Milima ya Kondoa Irangi ilikuwa imechanika makorongo ya kutisha. Mwaka 1973 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo lililoathirika zaidi. Majani yakarudi, miti ikarudi, wageni wakaja kupiga picha. Na hatukuwa tumetajirika. Miaka ile hata sabuni ilikuwa ya foleni. Kilichorudisha majani ni uamuzi. Lakini ng'ombe walikwenda wapi? Walikwenda kula majani ya watu wengine, na huko hakuna aliyepiga picha. Ukiandika tasnifu yako, andika kuhusu huko.

Na uwaulize walimu wako swali hili. Maji ya bomba yakikatika Nzuguni, mtu ananunua boza, ananunua simtanki, ananunua katoni za maji ya kunywa, analipa mchimbaji wa kisima. Yote hayo yanaingia kwenye Pato la Taifa kama nyongeza. Kina cha maji kule Makutupora kikishuka mita moja, kinatolewa wapi? Mwezi Julai 2020 Benki ya Dunia ilitutangaza kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini, tukashangilia, nami nilishangilia. Hakuna ukurasa wa kihenge katika hesabu ile.

Bi Maji, unatutisha bure. Kuna mradi wa bwawa la Farkwa, na tunasikia mipango ya kuleta maji ya Ziwa Victoria. Yakifika, si mambo yamekwisha?
*Mstaafu mwenzio, Area C*

Mzee mwenzangu, natamani yafike nikiwa hai. Ya ziwa yameshafika Shinyanga na Tabora, hivyo si ndoto. Lakini maji hayaji bure. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, Dodoma iko kama mita 1,120, ungedhani yatateremka yenyewe. Katikati kuna Singida, kama mita 1,500. Kila lita itasukumwa kupanda huko kwa umeme, miaka yote, na bili ataletewa mtumiaji. Mtu wa nyasi za saa nane mchana ajiandae.

Farkwa ndiyo inayonikosesha usingizi zaidi, si kwa ubaya wake bali kwa wanaosahaulika. Bwawa linakaa kwenye mto Bubu, na Bubu unamwaga maji yake kwenye kinamasi cha Bahi. Ule mpunga wa Bahi unaoununua Sabasaba na wale perege wabichi wanategemea mafuriko ya mto huohuo. Tukikinga maji juu ili sisi wa mjini tuoge, chini yatapungua, labda kidogo, labda sana. Inategemea bwawa litafunguliwa lini na kwa kiasi gani. Hilo linaweza kuandikwa kwenye masharti ya uendeshaji kabla ya zege kumwagwa: mwezi gani Bahi wanaachiwa maji, kiasi gani, na nani anawalipa msimu wasipoachiwa. Wewe una marafiki bungeni. Waulize kama ukurasa huo upo, na wa Bahi wameusoma.